Mkaidi ni Nani?

Hivi karibuni, katika mkutano wa mtaa, afisa wa mradi mmoja wa nishati safi alisimama akawaita mamantilie wetu wakaidi. Kosa lao ni kwamba waligawiwa majiko ya gesi, wakayatumia mpaka mitungi ilipokwisha, kisha wakarudi kwenye mkaa. Mmoja wao alinyoosha mkono. Akaeleza kwamba mkaa hununua kwa kopo, kadiri ya mauzo ya jana, ilhali mtungi wa kilo 6 unadai fedha yote kwa mkupuo. Afisa akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akaendelea na neno lake lilelile.

Tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni. Maana yake haina utata: ukaidi ni kukataa kusikia, kushikilia jambo hata baada ya kuonywa. Sawa. Ila kamusi haisemi nani amepewa haki ya kuonya. Waziri akishikilia jambo miaka kumi, ni mtu wa msimamo. Mkulima akishikilia jembe lake, mkaidi. Na sijapata kumsikia mtoto akimwita babaye mkaidi akaachwa amalize kusema. Neno hili huteremka tu, kupanda halipandi.

Wapo watakaosema moshi wa mkaa unaumiza mapafu na misitu inateketea. Ni kweli. Wapo watakaosema jamii isiyobadilika hudumaa. Nalo lina uzito.

Linalonipandisha mori ni lile la wataalamu wa semina, kwamba binadamu kwa asili yake huogopa mabadiliko. Kweli? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikawa Tanzania, na leo mamantilie huyohuyo anapokea malipo ya sahani ya wali kwa simu. Sikumbuki mkutano wa mtaa ulioitishwa kumkaripia. Mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika, nasi leo tunaapa kwamba ugali ni chakula cha mababu. Mwoga gani huyu?

Milimani Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Waluguru wakagoma, mwaka 1955 pakazuka ghasia, mpango ukaachwa. Wakubwa waliona ukaidi. Wakulima walijua kwamba udongo wao wa juu ni mwembamba, na kuchimba ngazi ni kuufukia na kufunua udongo usio na rutuba. Tena kazi yenyewe ilikula siku za kulima. Hofu iko wapi hapo? Mimi naona hesabu. Hoja ya hofu inapendwa kwa sababu inampunguzia msemaji kazi: ukishaamua kwamba mtu anaogopa, huna haja tena ya kumuuliza sababu.

Hapa siwezi kujizuia kuugusa ushairi, ugonjwa wangu wa zamani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, ugomvi ulipamba moto, na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakabandikwa jina la wahafidhina. Lakini ushairi huohuo uliandikwa karne kwa karne kwa hati za Kiarabu, ukahamia hati za Kilatini, ukaingia magazetini na redioni. Amri Abedi alikwisha kuzichapa sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954. Hayo yote si mabadiliko? Walichokataa ni kimoja, kuambiwa na vijana wa chuo kikuu kwamba roho ya sanaa yao si ya lazima.

Hata hivyo, waliposema kwamba tungo zile si mashairi kabisa, nashindwa kuwatetea. Pengine ukaidi upo, na huanzia pale mtu anapokataa hata kulisikia swali. Kwa kipimo hicho, anayebandika jina huwa mkaidi mara nyingi kuliko anayebandikwa. Ila kipimo chenyewe kina tundu: yupo anayelisikia swali vizuri, akalijibu kwa adabu, na bado asisogee hata unyayo, kwa kuwa tu hataki. Huyo nimwiteje? Msomaji mwenye kipimo bora na akilete, mradi asianze kwa kuniambia kwamba binadamu huogopa mabadiliko.