Punje Mbovu Tumpe Nani?

Mwenye kuuza mahindi yaliyoota ukungu hujitetea kwa neno jepesi: “Mnunuzi ana macho, ameona, akanunua.” Je, neno hilo lamtoa katika hatia? Wasomaji wapendwa, yafaa tulipime, maana huku Mbulu na Hanang mahindi ndiyo chakula cha kila nyumba.

Kuvu iotayo katika mahindi na karanga yaweza kuacha humo sumu iitwayo sumukuvu. Ukungu huonekana, lakini sumu yenyewe haionekani, wala moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga, na ndipo wataalamu walipoanza kuitambua. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki ya Kenya. Mwaka 2016, katika mkoa wetu wa Manyara na jirani yetu Dodoma, watu 68 waliugua, na 20 kati yao wakafa. Wengine haiwaui upesi, bali huwaharibu ini kidogo kidogo, hata ikawaletea saratani.

Wenye elimu ya vijidudu wamevumbua kinga iliyotoka katika ukoo wa adui yule yule. Miongoni mwa kuvu hizo zimo zisizoweza kufanya sumu. Hizo hupakwa juu ya mtama uliokaangwa usipate kuota, nao hutawanywa shambani, kadiri ya kilo 4 kwa eka, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajachanua. Kuvu njema hutangulia kukaa. Ile ya sumu ikija, hukuta mahali pamejaa. Kinga hiyo, Aflasafe, iliandikishwa Tanzania mwaka 2018.

Walakini haisafishi mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumu. Imebaki kazi ya mikono: kuyaanika juu ya turubai, si juu ya udongo, kutikisa punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, maana chumvi ikishika chupa, mahindi hayajakauka, kisha kuchambua.

Hapo ndipo penye swali letu. Aliyekwisha kuchambua ana mafungu mawili mbele yake. Fungu jema ni la watoto wake. Fungu bovu laenda wapi? Mmoja hulipeleka sokoni kwa bei nafuu, na anunuaye ni maskini. Mwingine humpa ng’ombe, na sumu hurudi nyumbani katika maziwa.

Wazee wetu hawakujua, na asiyejua hana hatia ya ajuaye. Lakini mtu aliyechambua ameshuhudia kwa mikono yake kwamba anajua. Asiseme mnunuzi ana macho. Macho hayaoni sumu.

Mtu atauliza: “Gunia hilo ni ada ya mwanangu, nilitupe?” Ni kweli, hasara hiyo ni nzito kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tusimwachie peke yake. Jirani na waazimane turubai, na kila mwenye mavuno amtolee debe aliyeharibikiwa. Hasara ya wazi, ikigawanywa kwa wengi, yachukulika. Hasara iliyofichwa humwangukia mmoja asiye na habari, na mara nyingi ni mtoto.

Basi punje mbovu na zifukiwe shimoni, mbali na kuku na ng’ombe, na jirani wajue ni debe ngapi zimefukiwa, wapate kumsaidia mwenzao.