Lilanga na wanaoitwa vigeugeu

Wiki hii, kwenye kikao cha familia, binti mmoja alisemwa mbele za watu. Alianza kwa kuchora kwa penseli, akaingia kwenye ushonaji, na sasa anafinyanga. Baba yake mkubwa akamtupia methali: mshika mbili moja humponyoka. Wakubwa wakaitikia, chai ikaendelea. Neno lile halijanitoka mpaka leo, maana methali ina haki yake, ila pale haikuwa mahali pake.

Nilimuwaza msanii George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huko kusini mwa Tanzania, kwa Wamakonde, akakulia kwenye uchongaji. Mpingo una masharti yake. Ni mgumu, na kipande kilichoondolewa na tezo hakirudi. Mchongaji anaufuata mti ulivyojipinda, na akikutana na kifundo anageuza wazo lake. Huko ndiko jicho la Lilanga lilikofunzwa kuwaona mashetani ndani ya gogo: masikio mapana, matumbo yaliyotuna, midomo wazi, vidole viwili vitatu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Dar es Salaam na kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi! Haikupita muda kipaji chake kikaonekana, na yeye naye akaona waliyokuwa wakifanya wenzake: batiki, picha za ngozi ya mbuzi, michoro ya bamba inayochapwa karatasini. Akaingia kote huko.

Kwenye batiki akili lazima igeuke. Mchongaji huondoa asichokitaka. Fundi wa batiki hufunika kwa nta ya moto kile anachotaka kibaki, kisha huzamisha kitambaa kwenye rangi nyepesi kwanza, halafu iliyokolea, na hajui sawasawa amepata nini mpaka nta itoke. Mtu mzima aliyezoea tezo akikubali kuwa mwanafunzi tena hapo, mimi simwiti kigeugeu. Namwona jasiri.

Baadaye akachora sana kwenye hadibodi na turubai, kwa njano, waridi na samawati. Kisha rangi zile zikarudi kwenye uchongaji. Weusi wa mpingo haudai rangi, lakini Lilanga alichonga mbao nyingine na kuvipaka rangi vinyago vyake toka utosini hadi unyayoni. Asingetoka kwenye kuchonga, nadhani asingerudi na vinyago vya namna ile.

Najua nitajibiwa kwamba Lilanga alikuwa na ufundi mmoja ulioiva kabla hajashika wa pili, na vijana wa sasa wanaacha mambo mabichi. Hoja hiyo naiheshimu, maana uvivu upo na unajificha vizuri. Ila uvivu hauonekani kwa kuhesabu mara ngapi mtu amebadili vifaa. Tazama kazi zenyewe. Weka kinyago, batiki na picha ya Lilanga pamoja, na mashetani ni wale wale, wanabebana, wanacheza, wanagombana. Mkononi vifaa vilibadilika, kichwani hakuacha kitu.

Nani alivitazama vyungu vya yule binti kabla ya kumpa methali? Mimi nimevitazama. Jani la mwembe alilokuwa akilichora daftarini, akalitarizi kwenye pindo la gauni, sasa analikwaruza ubavuni mwa chungu udongo ukiwa bado mbichi. Kwenye chungu limekuwa jani zuri kuliko yote aliyowahi kuyachora, kwa sababu udongo umemlazimisha kuacha vistari visivyo na kazi.

Kisukari kilimfanya Lilanga akatwe miguu, naye akaendelea kufanya kazi, akisaidiwa na vijana aliowafundisha, mpaka alipofariki mwaka 2005. Wapo wanaoziona kazi za miaka ile kuwa pungufu kwa sababu ya mikono mingi. Mimi sikubali, maana kwa wachongaji wa Kimakonde kazi ya kusaidiana haikuanza jana.

Kinachoniuma ni kwamba yeye alipata nyumba yenye nta, ngozi na mbao chini ya paa moja, na watu wa kumwelekeza. Vijana wetu wengi hawana nyumba hiyo, kila jaribio wanaligharamia wenyewe, na bado tunawasema. Mwenye mtoto wa namna hii, kabla hajamuuliza atatulia lini, amuulize udongo ananunua wapi na tanuru la kuchomea liko kwa nani.