Samaki wa Karatasi na Kauri Aliye Hai

Mama mmoja, naye ni mwalimu wa watoto wadogo katika skuli ya nasari, ametuletea suali, na kwa kuwa limetushughulisha kuliko tulivyotazamia, tumeonelea tulijibu hapa ili na wengine wapate kulifikiri.

Asema kwamba aliwafunza watoto wa miaka minne na mitano habari za bahari kwa kazi za mikono. Wakakata samaki wa karatasi wakawatia rangi, wakashona pweza wa vitambaa, wakagandisha kauri na makombe ya pwani juu ya ubao. Mtoto mmoja alimpelekea babake samaki wake kwa furaha. Babake akamchana mbele ya macho yake, akamwambia kuwa hiyo ni sanamu, na sanamu ni haramu. Siku mbili mtoto hakutaka kurudi skuli. Mama auliza: Je, nimewafunza watoto wa watu maasia?

Yatupasa tukiri kwanza. Lau suali hili lingalitufikia miaka michache iliyopita, tungalimpa haki yule baba hata kabla mama hajamaliza maneno yake. Tulipovifungua vitabu tuliona kuwa ulimi wetu ulikuwa ukiitangulia elimu yetu. Hapana shaka kuwa yamekuja makatazo makali juu ya kutengeza sura za viumbe vyenye roho, wala hatuyapuuzi. Lakini pia imepokewa kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na watoto wa bandia, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza habari zake, akacheka. Kwa ajili hiyo wanazuoni wengi, na miongoni mwao wa madhehebu yetu ya Shafii, wamezitoa katika katazo hilo sanamu wanazochezea watoto. Basi samaki wa karatasi wa mtoto wa miaka minne ana nafasi pana katika sheria. Na mzazi ambaye moyo wake hautulii, na afuate shauri la Ibn Abbas kwa yule mchoraji: mtoto achore visivyo na roho, kama mashua, mawimbi na minazi. Njia ziko nyingi kabla ya kufika kwenye kuchana.

Hapo ndipo mama alipotazamia jawabu letu likome. Sisi jicho letu lilikuwa juu ya ule ubao wa kauri, jambo ambalo yeye hakuliuliza, wala yule baba hakulitaja.

Kauri anapokuwa hai, nyama yake laini hujikunjua nje na kulifunika kombe lake, na hiyo ndiyo ilindayo mng'aro wake. Kombe lililokwisha kuachwa na mwenyewe, likasuguliwa na mchanga na kuchomwa na jua, hufifia. Kwa hivyo kauri zing'arazo kama kigae, ziuzwazo kwa vikapu, aghlabu zilitolewa mwambani zikiwa hai, kisha zikachemshwa. Na kiti cha pweza kilichokaushwa nacho kilikuwa kiumbe kikitembea. Tulipomwuliza mama amezipata wapi, akasema amezinunua.

Basi fikirini, ndugu zetu. Tumeshindana juu ya mfano wa samaki, na yule kiumbe mwenye roho, aliyeuawa ili awe pambo la ubao, hakuna aliyemlilia. Ni kweli kuwa Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura ya An-Nahl kuwa bahari yatupa nyama ya kula na mapambo ya kuvaa, hatuharamishi alichohalalisha. Lakini imepokewa pia kuwa Mtume (s.a.w.) alipomwona ndege akihangaika kwa makinda yake yaliyochukuliwa, aliamrisha yarejeshwe. Hata kombe tupu huenda likawa nyumba, kwani wako kaa wasio na gamba la kuwafunika nyuma, nao huhamia katika makombe hayo. Na katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kuokota makombe kumekatazwa.

Vya kufanyia kazi havikosekani. Viko vifuu, makumbi, ukindu, na takataka ambazo bahari yenyewe yatutupia. Lamu, mwaka 2018, mafundi waliunda chombo kiitwacho Flipflopi kwa plastiki iliyotupwa, kiasi cha tani 10, wakakivika vipande vya kandambili zipatazo 30,000, na mwanzo wa 2019 kikasafiri kwa tanga mpaka Unguja. Mtoto wa nasari naye aweza kukata samaki kutokana na kandambili iliyookotwa pwani. Na kama babake ana wasiwasi, na amkatie usukani.

Mama akatuuliza afanye nini na kauri alizo nazo. Zilizokwisha kuchemshwa hazina wa kurejeshewa. Tulimwambia azibandue kwenye ubao, awafunzie watoto hesabu, na zikipotea asinunue nyingine. Yule baba tumempelekea salamu, tumwone baada ya Isha.