Mafuriko Si Hukumu

Kila Mto Rufiji unapovunja kingo zake, sisi watu wa Ndundu, Mohoro na delta tunaulizwa maswali mawili. La kwanza hutoka mjini: kwa nini hamhami? La pili hutoka vibarazani, na mara nyingine, kwa masikitiko yangu, hutoka kwenye mimbari: mmemkosea nini Mwenyezi Mungu? Aprili 2024, maji yalipomeza mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, niliyasikia yote mawili huku majirani zangu wakiwa bado kambini na watoto wao, hawajui mpunga wao umebaki au umeoza.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani na mkulima wa bondeni. Mama yangu alinilea kwa samaki wa kukaanga, aliowauzia madereva wa malori waliokuwa wakisubiri pantoni hapa Ndundu, miaka ile kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mto huu ndio ulionilisha, ukanisomesha, na zaidi ya mara moja ukaninyang'anya mavuno. Kwa hiyo maswali hayo nayachukua kwa uzito. Ni maswali ya dini, hata yanapoulizwa na mtu asiyeitaja dini. Yanahusu kadari, yanahusu adhabu, na yanahusu mahali ambapo mja anapaswa kusimama katikati ya hayo mawili.

Siku moja niliyotembezwa pwani ya Ngazidja ilinisaidia kuyapanga mawazo yangu. Nilikuwa nimekwenda Komoro na wakwe zangu kwa ajili ya harusi, ile ndoa kubwa ambayo Mngazija huihangaikia miaka mingi ili ahesabiwe mtu mzima katika mji wake. Harusi ilipokwisha, mwenyeji wetu, mzee aliyefanya kazi Dar es Salaam ujanani, alinichukua kwa gari la nduguye tukakizunguka kisiwa.

Ngazidja si ugenini kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Unguja na mwanachuoni mkubwa wa pwani yetu mpaka alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, kando tu ya Moroni. Dhikri za tarika ya Shadhilia zilizoenea Kilwa na huku kwetu zina mizizi yake katika kisiwa hicho, kwa Sayyid Muhammad Maarufu aliyezikwa Moroni. Niliposimama mbele ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani pale Badjanani, na matao yake meupe yanayotazama bandari, nilihisi nimefika kwa walimu wa walimu wangu.

Lakini ardhi yenyewe ni nyingine kabisa. Kisiwa chote ni zao la moto wa chini ya ardhi. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, bado u hai. Unatoka uwanja wa ndege wa Hahaya, na kuanzia hapo ni mawe meusi yaliyoganda yakielekea baharini, mibuyu imeota katikati yake, na kila baada ya mwendo kidogo ufukwe mweupe unakutana na weusi ule. Na jambo lililonigusa kuliko yote, mimi mtu wa Rufiji: kisiwa hakina mto. Mvua inanyesha kwa wingi, lakini jiwe lile lina matundu, linayanywa maji yote yakatokomea chini. Watu wanakinga mvua mapaani na kuihifadhi kwenye matangi ya saruji. Novemba 2005, Karthala ulipotema majivu, majivu yaliangukia mapaa hayo na kuyachafua maji ya kunywa ya maelfu kwa maelfu ya watu. Sisi tunaogopa maji kuzidi. Wao wanaogopa maji kuharibika tangini. Na wote tunaogopa kitu kilekile kinachotufanya tuishi.

Upande wa kaskazini, baada ya Mitsamihuli, tulisimama kwenye Ziwa la Chumvi. Ni shimo la volkano lililojaa maji, duara, limetulia, na bahari iko hatua chache tu kutoka ukingoni mwake. Wenyeji wanasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Akaja msafiri mwenye kiu akaomba maji ya kunywa, akanyimwa. Akakiapiza kijiji, kikazama, na maji yakakifunika.

Hadithi hii ni nzuri, na mahali pake ni pale. Katika kisiwa kisicho na mto, kumnyima mgeni maji ni dhambi kubwa, na wazee walitafuta njia ya kuwafundisha watoto jambo hilo wasilisahau. Ningeifundisha hata chuoni kwangu. Hatari inaanza pale mtu anapoichukua hadithi ya namna hii akaigeuza kuwa kanuni: kwamba kila mji uliozama una dhambi yake, na kazi yetu sisi tuliosalimika ni kuitafuta.

Hapo ndipo ninapowapinga wenzangu wa mimbari, na ninawapinga kwa hoja za dini yetu wenyewe. Ni kweli Kurani inatusimulia gharika ya watu wa Nuhu na kuangamia kwa Adi na Thamudi. Lakini tunajua kwamba zile zilikuwa adhabu kwa sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe alitufunulia. Wahyi umekwisha kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Baada yake hakuna mwenye uwezo wa kusimama mbele ya nyumba ya mjane iliyobomoka Mohoro akasema najua sababu. Anayesema hivyo anadai elimu asiyopewa. Kisha tazama upande wa pili wa mizani. Nabii Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, naye hakuwa na kosa. Na mafundisho ya Mtume yanamhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Itakuwaje basi maji yaleyale yanayompa mtu daraja la shahidi, sisi tuyafanye ushahidi wa uovu wake?

Tuliendelea na safari, na jioni ilipokaribia tulifika kusini-magharibi, Singani. Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka kijijini na kuzimeza nyumba. Leo unapita barabarani unaona jiwe jeusi lililokunjamana, na kando yake, nyumba, migomba, mlangilangi, watoto wanatoka madrasa. Nikamuuliza mwenyeji wangu:

"Mzee wangu, kwa nini walirudi?"

"Wangekwenda wapi, mwanangu? Kisiwa chote ni mlima. Ukiukimbia upande huu, unaukuta upande wa pili."

Jibu lile nililielewa mara moja, kwa sababu bonde letu ni hivyo hivyo. Mgeni anayaona mafuriko kama ajali iliyoingilia maisha yetu. Kumbe udongo tunaoulima ni kazi ya mafuriko. Mto ukipanda, unaacha tope. Maji yakishuka, tunapanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu ule bila kungoja mvua. Hiyo tunaiita mlau, na imewahi kuziokoa familia nyingi katika miaka ambayo mvua ziliwatupa wenzetu wa mikoa mingine. Mwaka ambao mto haupandi kabisa, wazee wa Rufiji hawafurahi. Wanajua njaa inafuata.

Kuhama nako tumekujaribu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwaondoa watu bondeni ikawaweka vijijini kwenye miinuko, katika Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Nia ilikuwa njema: usalama, shule, zahanati. Nyumba zilihama, ila shamba halikuhama. Tangu hapo mkulima anatembea mwendo mrefu kurudi bondeni, anajenga dungu juu ya nguzo, na analala huko msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Anayetuuliza kwa nini hatuhami hajui kwamba nusu yetu tulihama zamani, na kwamba tumbo ndilo linaloturudisha.

Je, basi tukae tu, tuseme ni kadari? Hapana. Na hapa nawageukia wenzangu wa bondeni, maana kuna neno ambalo nasi tunalitumia vibaya. Siku moja Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu. Kwa jibu hilo Umar alifunga mlango wa uvivu. Onyo ni kadari. Mtumbwi uliofungwa tayari mlangoni ni kadari. Mtu aliyepiga simu usiku kuwaambia walio chini kwamba maji yanakuja, naye ni kadari.

Wangazija wamelielewa hilo. Ni Waislamu karibu wote, wanaamini kwamba Karthala haupasuki ila kwa idhini ya Mola. Na bado tangu mwaka 1988 wana kituo cha kuuchunguza mlima, kina mitambo ya kusikiliza mitetemo ya ardhi. Sikuona mtu hata mmoja aliyefikiri kwamba mitambo ile inapunguza imani yake. Wamejifunza kwa uchungu: mwaka 1903 hewa ya sumu kutoka mlimani iliua watu 17.

Sisi pia tuna somo letu, tena karibu na nyumbani. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya dawa pale Ngarambe, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Ushujaa wa wale mababu walioingia vitani nauheshimu kwa moyo wote, na madai yao yalikuwa ya haki. Lakini imani inayoahidi kwamba sababu za dunia hazitafanya kazi iligharimu roho nyingi mno. Anayesema leo kwamba yeye ni mcha Mungu, kwa hiyo mto hautamfikia, anarudia kosa lile bila ule ushujaa.

Kituo cha mwisho cha safari yetu ya Ngazidja kilikuwa Iconi. Juu ya mji kuna jabali linaloangalia bahari. Zamani, maharamia kutoka Madagaska walikuwa wakivamia visiwa hivi kuteka watumwa, na wanawake wa Iconi wanakumbukwa kwa kujitupa kutoka juu ya jabali lile kuliko kuchukuliwa utumwani. Nilisimama chini yake nikawasomea Fatiha. Swali la hukumu yao namwachia Mungu. Kilichobaki akilini mwangu ni jambo jingine: hakuna mtu Iconi anayesema kwamba maharamia hawana hatia kwa kuwa yote yalikuwa yameandikwa. Wanaamini yaliandikwa, na bado wanamtaja mvamizi kuwa mvamizi.

Basi na sisi tuwe na akili hiyo. Mwaka 2024 palikuwa na ubishi mkali: wapo waliolitaja bwawa jipya la juu ya mto kuwa chanzo cha mafuriko, na Serikali ikasema ni mvua za El Niño. Mimi si mhandisi, siuamui ubishi huo. Ninachosema ni kwamba kuuliza si kukosa imani. Maji ni ya Mungu. Lakini taarifa iliyochelewa ni ya binadamu, mlima uliokatwa miti ni wa binadamu, na chakula cha kambi kisichofika ni cha binadamu. Kuyapachika hayo jina la kadari ni kumsingizia Mola kazi za mikono yetu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mimbari kutoka Kibiti mpaka Kilwa: mto ukifurika tena, msiwatafutie majirani zetu dhambi. Waombeeni, kisha mtangaze kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti maji yamefika wapi na mwinuko uko wapi. Nawaomba wenye ofisi: msituulize kwa nini hatuhami mpaka mtakapotuonyesha shamba la kuhamia. Na wewe mkulima mwenzangu, panda mlau, mshukuru Mungu kwa tope, na mtumbwi wako uwe tayari kabla ya masika.