KUMNUSURU ALIYEZAMA: JE, NI KUSHINDANA NA AJALI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, wavuvi hutoka usiku na taa zao kutafuta usipa, na upepo ukivuma ghafula mitumbwi hupinduka. Aliyezama akiletwa mchangani naye hapumui, huwako wasemao: "Ajali yake imefika, mfunikeni. Kumkandamiza kifua ni kushindana na Mungu."

Maneno haya sura yake ni ucha Mungu, na ndani yake mna kosa. Ajali ni kweli, haitangulii wala haichelewi. Lakini Mwenyezi Mungu hakumjulisha mtu saa yake. Basi asemaye "imefika", ni nani aliyemwambia? Huyo amedai elimu ya ghaibu, akaifanya udhuru wa kukaa kitako. Naye akiumwa na jino hutafuta dawa, wala hasemi kuwa ashindana na kadari.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi yalikuwa wazi kwao. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alitanguliza kumwokoa anayezama mbele ya kusali sala iliyoingia, kwani sala yaweza kulipwa. Na aliyefunga, ikiwa hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, hufungua. Naye Imamu Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kuwa aliyekufa ghafula, kama aliyezama, asiharakishwe kuoshwa mpaka mauti yake yawe yakini, kwa dalili kama miguu kulegea, pua kupinda na panja kubonyea. Ikiwa waliamrisha kungoja katika kumwosha, itakuwaje halali kuharakisha katika kumkatia tamaa?

Na elimu ya tiba imelitia nguvu jambo hili. Mwaka 1960 Kouwenhoven na wenzake wawili, huko Baltimore katika Marekani, walitangaza kuwa moyo uliosimama waweza kusaidiwa kwa mikono miwili tu juu ya kifua, pasipo kupasua. Ubongo usiopata damu huanza kudhurika katika dakika chache. Kwa hiyo mkono wa jirani aliye ufukoni wafaa kuliko daktari aliye Mbinga. Mtu mzima hukandamizwa katikati ya kifua, kadiri ya sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hata 120 kwa dakika. Aliyezama amekosa hewa kwanza, ndipo moyo ukasimama; basi yeye huanzwa kwa kupuliziwa pumzi kinywani. Ama kumning'iniza kichwa chini au kumbinya tumbo ili maji yatoke, huko ni kupoteza wakati, na huenda matapishi yakaingia mapafuni.

Lakini juhudi nayo ina mpaka. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi wa Uingereza juu ya wagonjwa zaidi ya 8,000 waliosimama moyo nje ya hospitali. Waliopewa dawa ya adrenalini, walioishi siku 30 walikuwa 3.2 katika kila mia; wasiopewa, 2.4. Lakini miongoni mwa walionusurika, walioharibika vibaya ubongo walikuwa asilimia 31 kwa waliopewa, na karibu asilimia 18 kwa wasiopewa. Yadhihirika kuwa kurudisha pigo la moyo si sawasawa na kumrudisha mtu. Ndiyo maana wanazuoni wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Amman mwaka 1986, walikubali kuwa moyo na pumzi vikisimama kabisa, na matabibu wakahukumu kuwa havirudi, mtu huyo amekufa. Hapo kuacha si kuua, wala si kukosa huruma.

Basi njia ya haki ni baina ya mambo mawili: asikatiwe tamaa pasipo yakini, wala asiteswe baada ya yakini. Mja ameamrishwa sababu. Uhai hautoki mkononi mwake. Aliyekandamiza kifua hata akachoka, na yule mtu asirudi, ametimiza wajibu wake. Ama mji wa ufukoni usio na hata mmoja aliyejifunza haya, fardhi ya kutosheleza imewabakia wote shingoni, na dhambi yake ni yao wote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.