Ndege ya Kivita Juu ya Meza: Je, Udogo Unafuta Hatia?

Swali la leo ni dogo kwa maana halisi ya neno. Lina urefu wa sentimita ishirini hivi na linatosha kukaa juu ya daftari. Je, kuna ubaya mtu mzima kutumia majioni yake ya wiki tatu kuunganisha ndege ya kivita ya plastiki, kuipaka rangi, kuing'arisha, halafu kuipanga kabatini pale ambapo wengine wanaweka vikombe vya harusi?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, aliliuliza kwa ukali zaidi. Alikuwa amesimama mbele ya MiG-21 yangu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mtihani. "Kaka," akasema, "mtu akichonga panga dogo, lile la Rwanda la mwaka 1994, akalipaka kutu na damu kidogo, akalitundika sebuleni, ungemwonaje?" Nikamwambia ningemwona ana matatizo. "Haya," akasema, "na wewe?"

Swali hilo halikwepeki kwa mzaha, maana ni swali zuri. Tulitafakari basi taratibu, kwa mwendo ule ule wa kujenga modeli.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki, kama majani kwenye kijiti. Unakata kimoja kimoja, unasugua kwa msasa, unaunga. Gundi yake si kama ya fundi viatu. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, ikikauka vipande viwili vimekuwa kimoja. Chumba cha rubani hupakwa rangi mapema, kwa sababu mwili ukishafungwa mkono hauingii tena. Ndege nyingi zenye tairi puani unazitia uzito mbele, hata chubwi ya mvuvi inafaa, la sivyo zinakaa kwa mkia. Kisha rangi ya msingi, kisha rangi zenyewe kwa bomba dogo la kupulizia, kisha stika zinazolowekwa kwenye maji. Mwisho kabisa unaichafua: unaingiza rangi nyepesi nyeusi kwenye mistari ya mabati, unaweka moshi nyuma ya injini, mafuta yaliyovuja chini ya tumbo. Yaani unafanya kazi kubwa ili kitu kipya kionekane kimechoka.

Sasa majibu mepesi, ambayo yapo mawili. La kwanza: "Ni mchezo tu." Wanaosema hivyo hawajui historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zitengeneze modeli nusu milioni za ndege, za wenzao na za adui. Watoto wakachonga za mbao, zikapakwa rangi nyeusi ili umbo tu lionekane, kwa skeli ya 1/72. Piga hesabu: modeli ya skeli hiyo ukiitazama kutoka mita 10, unaiona kama ndege halisi iliyo mita 720 kutoka kwako. Askari alifundishwa kwa hizo ni ipi ya kupiga na ipi ya kuacha. Skeli hiyo hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi la MiG yangu. Kwa hiyo mchezo huu haukutokea kwenye bustani ya watoto peke yake. Una ndugu kambini.

Jibu la pili: "Ni kutukuza vita." Hili nalo limekimbia mno. Nenda Ujerumani uone. Sheria ya nchi hiyo inakataza alama za Wanazi kuoneshwa hadharani, na michoro ya maboksi ya ndege za Vita ya Pili mara nyingi hufutwa swastika kwenye mkia. Watengenezaji wengine wamebuni njia: stika ya alama ile wanaichapa vipande viwili, mnunuzi akitaka aviunganishe mwenyewe. Tuliza akili hapo kidogo. Kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele kimewafanya wanasheria wafikiri na wachapaji watafute upenyo. Lakini angalia ni nini kilichokatazwa: alama. Bunduki, mabomu na mabawa vimeachwa kama vilivyo. Ina maana hata wao wanaona ubaya hauko kwenye umbo la ndege, uko kwenye kile ambacho mjenzi anakisema kwa kuiweka pale. Basi tuulize: mjenzi anasema nini?

Anasema zaidi ya anavyodhani. Huwezi kujenga "MiG-21" hivi hivi. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, zikaruka katika nchi nyingi za dunia, Uganda ya Idi Amin ikiwemo. Na baadhi za Uganda ziliteketezwa zikiwa zimeegeshwa Entebbe, usiku ule wa Julai 1976 Waisraeli walipokuja kuchukua mateka. Stika inakulazimisha kuchagua: nchi gani, kikosi gani, namba gani ubavuni, mwaka gani. Ukishabandika namba, umetoka kwenye maumbo umeingia kwenye historia. Umetoa ushahidi.

Chukua namba 5121, moja ya zile zinazopendwa sana na wajenzi. Ndege halisi imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya jeshi mjini Hanoi. Aliyeirusha usiku wa tarehe 27 Desemba 1972 ni Phạm Tuân, ambaye mwaka 1980 alikwenda anga za juu kwa chombo cha Wasovieti. Vietnam inasema usiku ule aliangusha B-52. Marekani haikubali; inasema B-52 zake zilizoanguka siku zile zilipigwa na makombora kutoka ardhini. Sasa wewe umekaa na kibano chako, unabandika nyota nyekundu karibu na pua, zile za kuhesabu ndege zilizoangushwa. Nyota moja ina milimita chache. Na B-52 za vita vile zilibeba watu sita. Je, unathibitisha? Unakanusha? Ukiiweka tu kwa sababu inapendeza, umetoa ushahidi bila kuapa.

Upande wa pili wako vilevile. Kule Dayton, Ohio, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, ipo F-4 Phantom iliyoitwa SCAT XXVII, ambayo Robin Olds aliirusha Mei 1967 akaangusha MiG mbili siku moja. Nayo ina nyota nyekundu, moja kwa kila MiG. Ukizijenga zote mbili, kama wengi tunavyofanya, utajikuta unabandika nyota zinazofanana kwenye ndege za maadui. Huku nyota ni Mmarekani aliyeanguka, kule nyota ni Mvietnam. Kabatini zinapendezana sana. Hapo ndipo mwalimu wangu ana haki ya kukunja uso.

Lakini turudi kwenye panga lake, maana ndani yake kuna kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisema. Panga ni chombo cha kulima. Liko nyuma ya mlango wa nyumba nyingi za kijijini kwetu, linafyeka majani, linakata kuni, linamenya nazi. Ndege ya kivita haifyeki kitu. Haibebi abiria wala haipeleki dawa. Iliundwa kwa kazi moja. Kwa mantiki, basi, panga ndilo lingestahili kabati na ndege ndiyo ingetutia kinyaa. Mbona moyo unasema kinyume?

Jibu langu ni umbali. Panga halina umbali. Anayelitumia anaona uso, anasikia jina lake likitajwa. Ndege iko juu, na kule juu hakuna uso. Hebu tufanye hesabu nyingine. Weka modeli ya 1/72 mkononi. Kama ndege halisi iko mita 3,000 juu, basi modeli yako ingebidi iwe kiasi cha mita 42 juu ya meza, yaani kwenye ghorofa ya kumi na tatu au ya kumi na nne. Mtu aliye chini, kwa skeli hiyo, ana sentimita mbili na nusu hivi. Simama kwenye ghorofa ya kumi na nne utafute kitu cha sentimita mbili na nusu barabarani. Humwoni. Na rubani hamwoni.

Kwa maneno mengine, kabla fundi wa plastiki hajaipunguza ndege, ndege ilikwishawapunguza watu. Sisi wajenzi tunalaumiwa kwa kufanya vita kuwa vidogo, lakini udogo ule ulianzia angani. Oktoba 1978 ndege za MiG za Uganda zilipoishambulia Bukoba, mtoto aliyekuwa uwanjani anacheza alisikia sauti kabla ya kuelewa ni nini. Kwa rubani yule mji mzima ulikuwa mabati yanayong'aa kando ya ziwa. Mmoja alikuwa na hofu ya ukubwa kamili, mwingine alikuwa na ramani.

Je, modeli inaongeza umbali huo au inaupunguza? Hapa sikubaliani na mwalimu. Nadhani inaweza kufanya yote mawili, kutegemea unavyoitazama.

Nitaje jambo moja. Kwenye dashibodi ya MiG-21 kuna mstari mweupe umechorwa wima, katikati ya saa na mishale. Chumba chote kimepakwa rangi ya bluu-kijani, ile ambayo Wasovieti waliipenda kwa vyumba vya marubani, halafu mstari huo mweupe tu. Kazi yake? Ndege ikianza kuzunguka ikianguka, rubani kachanganyikiwa, hajui juu wala chini, asukume usukani wake mbele kuelekea mstari. Basi. Mstari ule uliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye akili imemruka. Kwenye 1/72 una milimita chache tu. Unauchora kwa ncha ya brashi, umeshikilia pumzi, na ukifunga kioo hauonekani tena.

Mimi nilipojua maana ya mstari ule, ndege ilibadilika. Mashine iliyokuwa inang'aa ikawa na mtu ndani, tena mtu anayeogopa. Nisingejua kwa kutazama picha, wala kwa filamu, ambako ndege inapita kwa sekunde nne. Kilichonilazimisha kuuliza "huu mstari ni wa nini?" ni kwamba nilitakiwa kuuchora. Mkono ukienda polepole, swali linapata muda wa kufika.

Ila tusijidanganye. Uangalifu peke yake si wema. Waliobuni MiG walikuwa waangalifu kuliko mimi mara elfu. Aliyefunga mabomu chini ya bawa alihakikisha kila nati imekaza. Mtu anaweza kusugua kiungo kwa msasa hadi usiku wa manane, akajua rangi tatu tofauti za kijivu, na asiulize hata mara moja ndege ile ilikwenda wapi na kurudi ikiwa imeacha nini. Wapo, tena wengi. Uangalifu unaoishia kwenye chuma ni umbali mwingine tu, safari hii wa sentimita thelathini kutoka puani.

Halafu kuna kile kitendo cha kuichafua. Tunaongeza moshi, mikwaruzo, rangi iliyobabuka, tunasema tunatafuta "uhalisia". Lakini uhalisia wetu una mpaka. Tunachora alama ya vita kwenye ndege, hatuchori alama ya ndege kwenye vita. Moshi wa injini unaruhusiwa. Moshi wa nyumba iliyoungua hautakiwi kwenye kabati. Si kwamba nataka kila mtu ajenge kijiji kinachoteketea chini ya modeli yake. Hilo nalo laweza kugeuka tamasha, tena baya zaidi. Nasema tu neno "uhalisia" tulitumie kwa adabu. Tunachokijenga ni nusu ya kisa, ile nusu iliyorudi uwanjani.

Basi nimejiwekea kanuni moja, na ndiyo ninayokuachia msomaji uipime. Sibandiki namba ambayo siwezi kuisimulia mbele ya mtu aliyekuwa chini yake. Sisemi kuitetea; kuisimulia. Niweze kumwambia: hii ni ndege fulani, ilikuwa ya nchi fulani, mwaka fulani, inasemekana ilifanya hili na wengine wanabisha, na aliyekuwa ndani alikuwa na mstari mweupe wa kumsaidia akichanganyikiwa, na wewe chini hukuwa na mstari wowote. Kama nikifika katikati ya maneno hayo sauti ikakwama, namba ile inarudi kwenye bahasha. Kanuni hii imenifanya niache stika nyingi. Imenifanya pia nisome vitabu ambavyo nisingevigusa, kwa ajili ya ndege moja ya gramu chache.

Je, udogo unafuta hatia? Hapana. Udogo unafanya hatia iingie mfukoni, na kitu cha mfukoni unaweza kukisahau au unaweza kukitoa kila siku ukakitazama. Ndege ikiwa mita elfu tatu juu, aliye chini hana nafasi ya kuiuliza chochote. Ikiwa juu ya meza, chini ya taa, haiwezi kukimbia maswali. Mjenzi naye yupo pale pale, na kimya chake kinaonekana.