Jembe la Mgeni

Wazee wetu walituachia mithali mbili juu ya mgeni, wala hazipatani sana. Ya kwanza yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ile ya kwanza mgeni ndiye mwenye dawa. Katika hii ya pili mgeni hutumwa, na ajuaye shamba ni mwenyeji.

Nataka tuzifikiri kwa ajili ya jambo lililoenea sana siku hizi, yaani wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanaokwenda nchi za watu, na kwetu pia, kufanya kazi pasipo mshahara: kufundisha watoto, kujenga madarasa, kulinda wanyama. Wengi hujilipia nauli, tena hukilipa chama kiwapelekacho. Je, kazi yao ni njema? Tusijibu upesi kwamba nia yao ni njema. Hapana shaka ni njema. Lakini shamba halistawi kwa nia.

Desturi yenyewe si ya jana. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, na mwaka huo huo baadhi ya watu wake wa kwanza wakaletwa Tanganyika, wapimaji na mainjinia wa barabara. Hao walikuja kwa miaka miwili, nazo barabara zilitakiwa. Wanafunzi wengi wa siku hizi hukaa majuma mawili au matatu tu. Mtu wa majuma matatu aweza kufanya kazi gani ya kweli?

Iko pwani moja katika nchi ya Kosta Rika, iitwayo Tortuguero, ambako kasa hupanda kutaga mayai. Ni kasa wa jamii ile ile ya wale watagao Mafia na Watamu. Zamani watu waliwavizia usiku, wakawapindua chali na kuwauza, na mayai wakayafukua. Katika miaka ya 1950 mwalimu wa chuo kikuu cha Florida, Archie Carr, alianza kuwatia kasa alama. Chama cha kuiendeleza kazi kiliundwa mwaka 1959, na mwaka 1975 pwani ile ikawa hifadhi ya taifa. Wanafunzi wa nchi nyingi wamekwenda huko kusaidia. Hutembea usiku mchangani na taa nyekundu, maana taa nyeupe humtisha kasa. Wakimkuta mmoja humngoja atage, wahesabu mayai, ambayo hupita mia mara nyingi, wamfunge kipande cha chuma chenye namba penye pezi, kisha waiandike namba ile kitabuni. Hapana ushujaa katika kazi hiyo. Ni usingizi, mvua na mbu.

Basi kasa aanguliwaye leo hupita miaka 20 na zaidi kabla ya kurudi kutaga. Yule mwanafunzi hataona lolote la kujisifia. Kazi yake ingekuwa mchezo mtupu, isipokuwa kwa kile kitabu. Kitabu kilikuwako kabla hajaja, na wakitunzao watabaki pale atakapokwisha kwenda. Namba aliyoiandika usiku mmoja yaweza kusomwa na mtu asiyemjua kamwe, mwaka mwingine, kasa yule akirudi. Kazi fupi imeshikwa na kazi ndefu. Tena kasa hamjui aliyemhesabu, wala hahuzuniki akiondoka.

Mtoto wa nyumba ya yatima anajua, naye huhuzunika. Juma la kwanza humwonea haya mgeni, la pili humshika mkono, na la tatu mgeni huondoka akilia, nami sisemi kwamba machozi yale ni ya unafiki. Kisha huja mwingine. Mtoto huyo hujifunza kumkumbatia kila ajaye na kutomtegemea mtu. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja kwa mashaka madhara ya kazi hizi za kujitolea katika nyumba za yatima. Huko Kambodia nyumba za namna hiyo ziliongezeka sana kati ya mwaka 2005 na 2010, nao wengi wa watoto waliomo walikuwa na mzazi aliye hai. Palipo na wageni waletao fedha kwa ajili ya yatima, yatima hutafutwa. Neno hili ni chungu, lakini ndivyo lilivyo.

Mtu ataniuliza, Je, tumnyime mtoto rafiki wa majuma matatu, na huku hana mwingine? Namjibu kwamba nauli ya mgeni mmoja ingeweza kumlipa mlezi wa papo hapo kwa miezi mingi. Ni kweli pia kwamba fedha ile isingetolewa kama kijana asingesafiri, na ya kuwa safari humfundisha mengi. Nakubali. Lakini mtoto asifanywe kitabu cha kujifunzia.

Wala lawama si ya mgeni peke yake. Mithali yasema mpe jembe. Haikusema aingie ghalani ajichagulie. Nimeona shule moja, sitaitaja, ambayo kila mgeni alipewa darasa la kwanza, kwa kuwa wadogo huimba vizuri, na mwalimu wao akasimama nje. Katika mwaka mmoja watoto wale walifundishwa majina ya rangi kwa Kiingereza mara tatu, maana kila mgeni alianzia mwanzo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa mwalimu mkuu wa shule ile ana daftari. Mgeni akifika, kabla ya chai, husomewa mwenzake wa mwisho aliishia wapi; na kama hapana kazi ya kiasi cha siku zake, huonyeshwa vitabu vya maktaba vilivyochanika, na gundi.